Nani Atakwenda Pangani Kuomba Radhi?

(Hotuba kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, Tanga. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikarudisha na maneno machache niliyoyaruka kwa sababu ya muda.)

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanangu ambao siku hii ni yenu: wakubwa zangu shikamooni, wengine wote hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya watangazaji wa akili mnemba, na hasa namna vijana wanavyowapokea. Wenzetu wa Kenya husema akili unde. Jina lolote mtakalolipenda, ninachokisema ni ile sura ya mtu asiyekuwapo, imekaa nyuma ya meza, imevaa vizuri, inasoma taarifa ya habari kwa sauti ambayo haikutoka kwenye koo la mtu yeyote. Nilipopewa mada hii sikuhangaika kutafuta pa kuanzia. Nitaanzia sebuleni kwetu.

Mama yangu ana miaka 82. Kila siku saa mbili usiku anakaa mbele ya televisheni, na msomaji akitoa salamu, mama anaijibu. Akisema "Asalaam aleikum", mama anasema "Waaleikum salaam, mwanangu". Akisema "habari za jioni", mama anasema "nzuri". Naona mnacheka, maana na ninyi mnao bibi wa namna hiyo nyumbani. Siku moja mtoto wa kaka yangu, yuko chuo mwaka wa pili, alikaa pembeni yake akamwonyesha klipu kwenye simu: binti amejitanda mtandio wa kijani, anasalimia, kisha anasoma bei za vyakula sokoni. Mama akaitikia salamu kama kawaida yake. Mjukuu akamwambia, "Bibi, huyo si mtu. Ni kompyuta tu."

Mama akanyamaza, akaitazama tena simu. "Kama si mtu, aliyenisalimu ni nani?"

"Hakuna, bibi."

"Basi mwambie anirudishie salamu yangu."

Hakuwa anatania. Alikuwa amekasirika, kama mtu aliyepewa mkono gizani halafu akagundua ule mkono hauna mwenyewe. Mjukuu wake, kwenye kochi lilelile, hakuona kosa. Yeye alijua tangu sekunde ya kwanza kwamba ile ni mashine. Alisikiliza mpaka mwisho, akapata bei ya mchele, akapandisha kidole akaendelea na mengine. "Shangazi," akaniuliza, "tatizo liko wapi? Bei si kasema kweli?"

Swali lake nimelibeba miezi yote hii. Si swali la kijinga, na nikilijibu kwa hasira za wazee nitakuwa nimewadanganya. Kwa hiyo leo nimekuja kulijibu mbele yenu, na jibu langu ni refu kidogo.

Kwanza tujue jambo hili lilianzaje. Novemba 2018, mjini Wuzhen, shirika la habari la China, Xinhua, likishirikiana na kampuni ya Sogou, lilionyesha msomaji wa habari aliyetengenezwa kwa akili mnemba. Sura yake haikuwa ya kubuni. Ilichukuliwa kwa msomaji wao halisi, Qiu Hao. Sifa waliyoitangaza ilikuwa kwamba huyu anaweza kufanya kazi saa 24 bila kuchoka. Miaka miwili baadaye kituo cha MBN cha Korea Kusini kikatengeneza nakala ya mtangazaji wake maarufu, Kim Ju-ha, na watazamaji wakamwona mwenyewe na nakala yake wakizungumza. Kisha ukaja mwaka 2023, na hapo ni kama mvua ya vuli. India wakawatoa Lisa na Sana, wengine wakatokea Indonesia, Malaysia na Ugiriki, na hapa Afrika chombo kidogo cha habari, CITE, kule Bulawayo, Zimbabwe, kikamleta Alice.

Kuna mmoja ambaye nataka mmsikie kwa masikio ya Kiswahili. Aprili 2023, Kuwait News walimtoa mtangazaji wao kwenye Twitter: nywele za rangi ya dhahabu, koti jeusi, sekunde 13 tu za video. Anajitambulisha, anawauliza watu wanapenda habari za aina gani. Jina lake? Fedha. Wenyewe walieleza kwamba ni jina la zamani la Kikuwait, lenye maana ya madini yale meupe yanayong'aa. Neno ni lilelile tulilolichukua sisi kutoka Kiarabu, ila sisi limetufikia likiwa pia na maana ya pesa. Sijui kama kuna kabila jingine la wasikilizaji duniani ambalo lingelisikia jina lile likaelewa haraka kama Waswahili. Maana mazungumzo mengi ya watangazaji hawa, ukikaa nayo kikaoni, yanaanza na teknolojia na kuishia kwenye mshahara.

Sasa vijana. Kwa nini mnawapokea?

Niliuliza darasani kwangu. Kijana mmoja wa nyuma, mtu wa maneno machache, akanijibu: "Mwalimu, mimi klipu naiangalia kwenye daladala, sauti nimezima, nasoma maandishi ya chini. Anayesoma simsikii hata akiwa mtu." Nilikaa kimya. Miaka zaidi ya ishirini nimefundisha koo langu kupanda na kushuka, nikafundisha wengine, na huyu mtoto amebonyeza kitufe kimoja amelifuta koo lote. Lakini alisema kweli, na mjadala wowote usioanzia pale, kwenye kiti cha daladala na sauti iliyozimwa, unazungumzia wasikilizaji ambao hawapo tena.

Kwa hiyo kijana hampokei yule mtangazaji kwa sababu anamwamini. Anampokea kwa sababu hana analolitaka kwa yule mtangazaji mwenyewe. Anataka bei, matokeo ya mpira, hali ya hewa, ratiba ya mtihani. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Fred Davis, alieleza kwamba watu huikubali teknolojia wakiona inawafaa na haiwasumbui. Hayo mawili yapo hapa yote. Klipu ni fupi, haili bando, inakuja yenyewe. Na ninyi mmekua mkisema na mashine: zimewaelekeza njia, zimewatafsiria barua, zimewasaidia kazi za darasani, tena nyingine nimezisahihisha mimi kwa mikono yangu. Taasisi ya Reuters ya Oxford, kwenye ripoti yake ya 2025 juu ya habari za kidijitali, iliona kwamba asilimia 7 ya watu waliohojiwa walitumia programu za mazungumzo za akili mnemba kupata habari ndani ya wiki. Kwa walio chini ya miaka 25 ilikuwa asilimia 15, zaidi ya mara mbili. Mama yangu aliukasirikia ule uso. Ninyi hamna cha kuukasirikia, mmeuzoea.

Ila chunguzeni jambo moja ambalo utafiti wa taasisi hiyohiyo umelionyesha, na ambalo mimi naliona darasani kila muhula. Watu hutulia zaidi akili mnemba ikishughulika na michezo na burudani. Ikija siasa, wanasita. Yaani hata anayeipokea mashine ameweka mpaka kichwani, hata kama hajawahi kuutamka. Mtoto wa kaka yangu nilimuuliza hivi: "Na kama yule binti wa mtandio angesoma kwamba basi mlilopanda juzi kwenda Moshi limepinduka, ungefanyaje?" Akasema, bila kufikiri, "Ningempigia simu mtu."

Ningempigia simu mtu. Hapo ndipo penye hotuba yangu yote, na sasa nitawaeleza kwa nini, kwa kisa ambacho sijawahi kukisema hadharani.

Mwaka 1998 nilikuwa msomaji mchanga, na moja ya kazi zangu ilikuwa kusoma matangazo ya vifo. Ninyi hamkuyakuta yakiwa na uzito ule. Simu za mkononi zilikuwa za wachache, na tangazo la kifo redioni ndilo lililoamua nani atawahi mazishi na nani hatawahi. Yalikuja yameandikwa kwa mkono, mengine kwa simu ya mezani huku mwandikaji akiandika haraka haraka. Jioni moja nikasoma la marehemu mmoja, mazishi kesho saa saba mchana, kijiji fulani wilaya ya Muheza. Karatasi ilisema Pangani. Vijiji vile majina yake yanatofautiana herufi moja. Mimi macho yaliona kimoja, kichwa kikasoma kingine, na kwa kuwa hicho kingine nilikijua kiko Muheza, mdomo ukamalizia wenyewe: Muheza. Sikuuliza mtu.

Ndugu zake walikuwa Dar es Salaam. Walipanda basi alfajiri, wakashuka Muheza, wakatafuta msiba ambao haukuwapo. Walipoelekezwa sawasawa na kufika Pangani, ilikuwa alasiri na udongo ulishafukiwa. Mnajua Waislamu hatuchelewi kuzika.

Siku ya nne kaka wa marehemu alikuja kituoni. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la mlinzi, akauliza, "Aliyesoma ni nani?" Nikaitwa. Nilipotoka aliinuka, akanisalimu vizuri, akasema, "Dada, sisi tulikuamini wewe." Basi. Hakusema neno jingine, na mimi sikuwa nalo.

Usiku ule nilisoma masahihisho hewani kwa jina langu. Kesho yake niliomba ruhusa nikapanda basi mpaka Muheza, nikapata gari la Pangani, nikafika pale nyumbani, nikakaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu. Nilimwambia mama wa marehemu kwamba ni mimi. Alinishika mkono wangu akauweka kwenye mapaja yake akaendelea kumsikiliza aliyekuwa anasoma Kurani, na hakuuachia mpaka kisomo kilipokwisha. Ile karatasi ya tangazo niliiomba kwa mhariri wangu. Ninayo mpaka leo, na leo nimekuja nayo.

Wanangu, sikuwasimulia haya ili nisifiwe kwa kwenda. Nilikosea, na kosa langu liliwanyima watu maziko ya ndugu yao. Nimewasimulia kwa sababu mashine pia hukosea majina ya vijiji, na inakosea zaidi yangu. Mwaka 2024 gazeti la The Garden Island kule Kauai, Hawaii, liliweka watangazaji wawili wa akili mnemba, James na Rose, na moja ya mambo yaliyowakera wenyeji ni jinsi James alivyotamka majina ya Kihawaii. Baada ya miezi miwili hivi wakaondolewa. Tofauti si kukosea. Tofauti ni ile benchi ya mlinzi. Yule kaka alikuja, akauliza aliyesoma ni nani, na akatoka mtu. Siku mashine itakaposoma Muheza badala ya Pangani, yule ndugu akaja akakaa kwenye benchi, atatoka nani?

Hilo ndilo jibu langu kwa mtoto wa kaka yangu. Bei kasema kweli, ndiyo. Lakini siku bei ikiwa ya uongo, na wewe umeshapakia magunia yako kwenye Fuso, hutakuwa na wa kumwendea.

Nataka sasa niwapeleke Poland, kwa sababu kule jambo hili lilifanywa kwa jina la vijana hasa. Mjini Kraków kuna idhaa iitwayo Off Radio Kraków, chini ya redio ya umma. Mwaka 2024 iliacha kufanya kazi na kundi la waandishi wake, watu kama kumi na kitu. Oktoba ikarudi hewani na sura mpya: watangazaji watatu wa akili mnemba, na walengwa wakatajwa wazi kuwa ni vijana. Waliwatungia hata wasifu. Mmoja ni Emilia, miaka 20. Mwingine Jakub, miaka 22. Wa tatu Alex, miaka 23. Na yule Emilia, sikilizeni vizuri, walisema ni mwanafunzi wa uandishi wa habari.

Mwanafunzi wa uandishi wa habari! Yaani ninyi. Nafasi ambayo binti wa miaka 20 wa mjini Kraków angeililia usiku na mchana, akapewa binti wa miaka 20 ambaye hakuzaliwa, hakusoma, hakupanga chumba, hana mama wa kumsikiliza redioni akajisikia fahari. Kisha wakatangaza mahojiano na mshairi Wisława Szymborska, mshindi wa Nobel ya fasihi ya 1996, akitoa maoni juu ya tuzo ya Nobel ya mwaka 2024. Szymborska alifariki 2012.

Mkuu wa redio ile alijitetea kwamba watu hawakuondolewa kwa ajili ya akili mnemba, na kwamba idhaa karibu haikuwa na wasikilizaji. Nayasema hayo kwa kuwa ni haki yake yasikike. Mwandishi mmoja wa waliokuwa pale, Mateusz Demski, akaandika barua ya wazi, na watu zaidi ya elfu kumi wakatia sahihi ndani ya siku chache. Jaribio lilipangwa lifike miezi mitatu. Lilikufa baada ya wiki moja.

Mimi ninachokiona pale ni hiki. Wakubwa walitazama vijana wakipandisha vidole kwenye simu, wakaona hawagombani na sura za mashine, wakahitimisha kwamba vijana wanazitaka. Hawakuwasoma vizuri. Kijana asiyelalamika kuhusu mtangazaji wa bei za sokoni hajasema kwamba hataki waandishi. Hajaulizwa. Na nawaonya, maana nimeshakaa kwenye vikao vya namna hiyo: kunyamaza kwenu mbele ya ile klipu kunahesabiwa kama kura, na kura hiyo inatumika kuwafungia mlango ninyi wenyewe.

Lakini sitaki mtoke hapa mkidhani nasema kila sura ya mashine ni haramu. Agosti mwaka uleule wa 2024, nchini Venezuela, baada ya uchaguzi wa Julai 28 na mgogoro wa matokeo yake, waandishi walikuwa wanakamatwa. Kundi la vyombo vya habari huru, likiratibiwa na shirika la Connectas, likatoa watangazaji wawili wa akili mnemba, El Pana na La Chama, majina ya mtaani, kama vile sisi tungesema Mshikaji na Demu. Walisoma habari zilizokusanywa na waandishi wa kweli ambao wangeonyesha nyuso zao wangeishia rumande. Na mapema kabisa waliwaambia watazamaji kwamba wao si watu, ila habari zao ni za kweli.

Mnaona? Kule Kraków sura iliwekwa pale ambapo mtu alikuwa ameondolewa. Kule Venezuela sura iliwekwa mbele ya mtu ili asiumizwe, na yule mtu bado yuko nyuma yake, na habari ni yake, na siku mambo yakitulia atajitokeza aseme ni mimi. Programu zinaweza kuwa zilezile. Mimi naipokea ile ya pili kwa mikono miwili, na kama ningekuwa kijana wa Caracas ningeituma kwa kila ninayemjua.

Sasa niseme la lugha, maana hapa najua ninachokisema kuliko hapo nyuma.

Wiki iliyopita nilichukua programu moja ya kusoma Kiswahili nikaipa aya fupi. Nilijitahidi kuipenda, nawaambieni ukweli, maana kipofu anayehitaji kusomewa gazeti haki yake ni kubwa kuliko majivuno yangu. Ilianza vizuri. Sauti ya kike, tulivu. Kisha ikafika kwenye neno Chang'ombe, ikasoma "Chan-gombe", ile ng' yetu ya puani imepotea kabisa. Ikafika kwenye Dkt., ikasoma herufi moja moja. Nikaandika mkutano utaanza 19:00, ikasema "saa kumi na tisa", saa ambayo hakuna mama wa Kiswahili aliyewahi kuiona. Saa 7:00 asubuhi ikaiita saa saba asubuhi, na mtu wa Ngamiani akisikia saa saba anajua ni mchana, anakwenda zake sokoni, na mkutano unampita. Halafu nikaipa sentensi ambayo huwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza: "Alitengeneza barabara ile barabara." Anayejua lugha anaweka mkazo wa neno la kwanza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari, na la mwisho anaurudisha nyuma, ndiyo sawasawa. Mashine ilizisoma zote mbili kama njia za magari.

Haya yatarekebishwa, najua. Pengine mwaka huu. Lakini fikirini yatarekebishwaje. Kwa sauti za watu. Mtu atakaa na kipaza sauti asome Chang'ombe na Mang'ula mara mia, na sauti yake itaingia mle ndani, na kesho itasoma mambo ambayo yeye hakuyasema na pengine hayakubali. Ninyi wenye sauti nzuri mtafuatwa. Mtapewa karatasi ya kutia sahihi na pesa ya haraka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019. Someni kabla hamjaweka sahihi. Ulizeni sauti itatumika wapi, muda gani, na nani atawajulisha ikihamishwa. Uso na sauti kwa mtangazaji ni jembe lake, na hakuna mkulima anayeuza jembe kwa bei ya mavuno ya siku moja.

Na kuna wanaochukua bila kuuliza. Mapema 2023 watafiti wa kampuni ya Graphika walieleza juu ya video za kituo cha habari kisichokuwapo, Wolf News, ambacho wasomaji wake walikuwa sura za kukodi kwenye programu, zikieneza propaganda inayoipendelea China. Mei 2025 Google walipotoa Veo 3, yenye kutengeneza video na sauti yake pamoja, mitandao ikajaa wasomaji wa habari wa kubuni wakisoma habari za kubuni, na wengi wakaamini. Wakati ule kilichowasaidia watu ilikuwa ni alama ndogo pembeni ya picha. Mama yangu alama ile haioni hata akivaa miwani.

Kwa hiyo ninapoulizwa nataka nini, nataka mashine ijitambulishe kwa mdomo, mwanzoni, kabla ya salamu, kwa Kiswahili anachokielewa mama yangu. Si mwishoni. Oktoba 2025 Channel 4 ya Uingereza ilionyesha kipindi kizima kikiongozwa na mtangazaji wa akili mnemba, na watazamaji wakaambiwa mwishoni. Nia ilikuwa kuwafundisha, nami nimeielewa. Lakini aliyekusikiliza muda wote akidhani u mtu, humlipi kwa kumwambia dakika ya mwisho. Baada ya kujitambulisha, itaje jina la mhariri aliyeipitisha habari ile. Jina la mtu, na namba ya chumba cha habari ambayo inapokelewa. Na isitungiwe wasifu. Isiambiwe ina miaka 20, isiambiwe inasoma chuo, isiambiwe inapenda pweza wa kukaanga pale Forodhani. Hali ya hewa na isome. Ratiba za meli na isome. Matokeo ya ligi sina shida nayo. Lakini vifo, ajali, na matokeo ya kura, hayo asome mtu.

Wengine kati yenu nimesikia mkisema chini chini kwamba mimi nalilinda tumbo langu. Tumbo langu limeshashiba, wanangu, nastaafu. Ninachokilinda ni imani kama ya siku hii. Tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu alipofariki, Rais Mkapa mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa. Nilikuwa chumba cha habari. Kazi yote ilisimama, na mhariri wangu, mtu mgumu niliyedhani hana machozi, alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Tuliamini kwa sababu aliyetuambia alikuwa mtu mwenye jina, akiwa na msiba uleule tuliokuwa nao sisi. Sijui namna ya kuwapa ninyi hali ile kwa maneno. Najua tu kwamba vijana wa siku ile walikuwa na umri wenu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama habari ni ya kweli.

Muda wangu umekwisha, mkuu ananiangalia saa. Hii hapa ndiyo ile karatasi. Imekuwa ya njano, na wino wa upande huu umefifia, lakini jina la kijiji linasomeka. Naomba mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza apande hapa jukwaani alisome tangazo lile upya, jinsi lilivyopaswa kusomwa. Jina la marehemu nimelifunika kwa kipande cha karatasi, familia iko hai. Wewe binti wa mstari wa tatu, njoo. Chukua, usiharakishe, na kabla hujafungua mdomo niulize kijiji hiki kinatamkwaje.